Baketi Lisilovuja

Kazi yangu haivuji. Naanza na hilo kwa sababu wapo watu, na wengine ni ndugu wa mume wangu kabisa, ambao mpaka leo wakiniona wanaulizana kama nauza ndoo au nauza machujio. Wacheke tu. Mimi ndiye Mwajabu, Mama Munira, mwenye karakana ya mabati ya bluu pale Ihumwa, upande wa reli. Chombo changu ukikitia maji leo, kesho unayakuta.

Tunatengeneza mabaketi. Baketi ni lile bakuli la chuma linalokaa mwishoni mwa mkono wa ekskaveta, lile linaloingia ardhini tupu na kutoka limejaa udongo. Watu wanadhani vitu hivyo vinashushwa bandarini pamoja na mashine na hadithi inaishia hapo. Haiishii hapo. Vinachakaa, vinapasuka, vinang'oka meno, na mji huu unaojengwa kila kukicha ukishavichosha unaniletea mimi. Nakata chuma kipya, nakikunja, nakichomelea, na baketi linarudi kazini lina afya kuliko siku lilipozaliwa.

Karakana yenyewe aliianzisha mume wangu, Uwesu. Mimi nilikuwa mama ntilie wa jirani yake, napika wali na kukaanga maandazi chini ya turubai, na yeye alikuwa fundi wa kuja kula na mikono michafu na kusifia chai ambayo, kusema kweli, haikuwa na sifa yoyote. Tulipooana akanifundisha kuchomelea, na alinifundisha kwa masikio. Aliniambia nifumbe macho nisikilize: mshono mzuri unalia kama maandazi kwenye mafuta yaliyoiva, si mafuta yanayorukaruka, si mafuta yaliyopoa. Nikaelewa palepale. Mafuta nayajua tangu utoto.

Siku hizi yeye ndiye msikilizaji. Anakaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, jua likimpiga usoni, na mimi nikichomelea anaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikiliza kaswida. Mkono wangu ukienda mbio, anakohoa. Macho yake yana presha. Daktari alituambia ugonjwa huo haukutokana na moto wa kazi, ni wa ukoo, na kweli baba yake Uwesu naye alikufa akipapasa kuta. Unakula macho kuanzia pembeni kuja katikati, na dawa za matone zinauchelewesha tu. Wakati huo ninaousimulia Uwesu alikuwa anaona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Akinitazama usoni haoni kilemba, akitazama kilemba ameupoteza uso. Alikuwa anaulizia chumvi, na chumvi iko pembeni mwa sahani yake.

Siku tuliyotoka kliniki na jibu la mwisho ilikuwa kiangazi, upepo wa Dodoma umeshaanza ule ukorofi wake wa vumbi. Daktari alikuwa amesema mvua zinazokuja Uwesu ataziona, kwa majaliwa ya Mungu. Za mwaka utakaofuata, asingependa kutudanganya. Tulirudi nyumbani. Nilidhani atasema anataka kumwona Munira, binti yetu aliyeolewa Singida, au anataka kwenda Makka, yale ambayo mtu yeyote mwenye akili angetaka. Alipofungua kinywa akaniambia anataka kuona lambo la kwao limejaa.

Kwao ni mbele ya Kondoa, chini ya milima. Lambo lenyewe lilichimbwa na mababu kwa majembe ya mkono, bwawa la kunyweshea ng'ombe, na kila mwaka lilikuwa linanasa maji ya mvua yanayoteremka mlimani. Uwesu anasema alipokuwa mdogo lilikuwa pana mpaka ng'ombe aliyesimama ng'ambo unamwona kama mbuzi. Anasema sura yake mwenyewe aliiona mara ya kwanza humo, maana nyumbani kwao kioo hakikuwepo, na alikimbia kwenda kumwambia mama yake kwamba ndani ya maji kuna mtoto mwenye masikio makubwa. Kisha milima ikaanza kuachia mchanga. Kila mvua ikateremka na mchanga wake, mwaka hadi mwaka, na lambo likafukiwa taratibu kama mtu anayevutiwa shuka usingizini. Kilichobaki ni kidimbwi cha katikati, cha mbuzi na cha kina mama wenye ndoo zao.

Na tangu macho yalipoanza kufunga, Uwesu alikuwa analiota. Alfajiri ananigusa bega ananisimulia. Ndotoni hakuwa na bomba, aliona pande zote kwa pamoja, ukingo huu na ukingo ule, na mawingu juu, na mawingu mengine chini majini. Alikuwa anaamka mzito, anakaa kitandani kwa muda kabla hajakubali kwamba amerudi chumbani. Mimi namsikiliza nikiwa nimempa mgongo, ili asiuone uso wangu.

Nilimjibu vibaya, siwezi kuficha. Nilimwambia lambo limejaa mchanga, sasa anataka nimletee mvua au nimletee koleo? Mimi nikiogopa ndivyo ninavyoongea. Yeye alicheka kidogo akaendelea kunywa uji wake, akikitafuta kikombe kwa kidole.

Haukupita muda, Mzee Khalidi akapiga simu. Huyu ni baba mdogo wa Uwesu, mdogo wake marehemu baba mkwe, na ndiye msimamizi wa maji pale kijijini. Alikuwa na habari. Kampuni fulani ya barabara imepiga kambi karibu na kijiji, inajenga kalavati, na mabomba yake ya zege yamechelewa njiani. Ekskaveta yao imekaa tu inaota jua. Wazee wamezungumza na mkubwa wa kambi, amekubali mashine isafishe lambo mpaka mabomba yatakapofika, ilimradi kijiji kitie dizeli. Lakini baketi lao lina meno, na hapo ndipo wazee walipokwama.

Maana lambo lile lina sakafu. Zamani, kila mwaka kabla ya mvua, walikuwa wanaingiza ng'ombe ndani na kuwazungusha juu ya udongo wenye unyevu, wazunguke, wazunguke, mpaka kwato ziushindilie udongo ukawa mgumu kama sakafu ya nyumba. Ng'ombe wa babu na wa babu wa babu. Sakafu hiyo ndiyo inayozuia maji yasizame. Ukiingiza meno ya chuma ukaipasua, umemaliza, mvua itanyesha na ardhi itakunywa yote. Wazee walisema bora lambo la mchanga kuliko lambo lililochanika. Wanataka baketi lisilo na meno, mdomo laini, la kukwangua mchanga na kuiacha sakafu salama.

Uwesu alikata simu akanigeuzia uso. Alinikosa kidogo, alikuwa anaitazama grenda iliyotundikwa ukutani nyuma yangu.

"Mama Munira," akasema, "tengeneza pana. Pana kama mlango."

Basi nikatengeneza. Sijui kama nimewahi kufanya kazi nyingine iliyonikaa moyoni vile. Asubuhi naanza kukata na gesi, na cheche zinamwagika chini zinakimbia kwenye vumbi halafu zinazima, na mimi nafikiria maji. Nakunja bati nene la mgongo, nafikiria maji. Mdomo wa chini niliusaga kwa grenda mpaka ukawa laini kama ukingo wa sufuria, ungeweza kumlaza mtoto shavu pale. Silvano, dereva wa ekskaveta, alikuwa ametutumia vipimo vya masikio ya kushikia mkono wa mashine, na Uwesu aliyahakiki matundu ya pini kwa kuingiza vidole na kuvizungusha, macho ameyafumba. Halafu nikachomelea mishono. Ilikuwa inalia vizuri mpaka nikapata njaa. Mlangoni kwenye kiti cha plastiki hakuna aliyekohoa.

Sasa, kwetu kuna utaratibu, na utaratibu huo ndio uliokuja kuniumbua. Baketi halitoki karakanani kabla halijatiwa maji. Nalisimamisha wima, nalijaza mpaka shingoni, naliacha tangu asubuhi mpaka alasiri, halafu namwita mteja apitishe kiganja chini ya mishono. Kiganja kikitoka kikavu, tunashikana mikono. Nani alinifundisha? Hakuna. Nimekulia nchi ambayo maji yanabebwa kichwani kutoka mbali, na chombo kinachovuja kwetu ni tusi. Mafundi wengine wanaonyesha unene wa chuma. Mimi naonyesha ukavu.

Siku hiyo baketi la lambo lilikaa uani limejaa maji, na ndege wadogo wakaja kunywa ukingoni. Treni ya umeme ikapita, maji yakatetemeka kidogo kisha yakatulia. Uwesu akaja akipapasa, akainama juu yake, akabaki vilevile kwa muda mrefu mpaka nikaogopa kwamba amepata kizunguzungu. Mbingu ilikuwa ndani ya baketi, na wingu moja jembamba. Aliniambia bila kuinua kichwa kwamba iko yote. Ile mbingu ya juu siku hizi anaipata vipandevipande, lakini hii imemtosha ndani ya bomba lake. Nilimwambia atoke hapo asije akatumbukia, nikaenda jikoni kukata vitunguu, na vitunguu vikanisaidia.

Tulilipeleka Kondoa na lori la rafiki yetu, sisi mbele na baketi nyuma limefungwa minyororo. Kina mama walilipigia vigelegele kama bibi harusi. Mzee Khalidi, fimbo mkononi, kanzu imeloa jasho, alilizunguka akiligonga na kulisikiliza. Nililijaza maji tena palepale mbele yao, ndoo chache tu za kuonyesha, na wazee wakapitisha viganja chini, na viganja vikatoka vikavu. Nilivimba kichwa, nani asingevimba?

Silvano ndiye pekee ambaye hakushangilia. Mtu wa Kilombero, nchi ya mpunga na matope, mnene, mpole, kijiti cha meno hakimtoki mdomoni. Aliinama akachungulia mgongoni mwa baketi, akaja akaniuliza kwa adabu matundu yako wapi. Nikamuuliza matundu ya nini, anataka kuchota au kuchuja unga? Watu wakaangua kicheko. Silvano akainua mabega, akasema sawa mama, akapanda kwenye mashine yake.

Mwanzoni kila kitu kilikwenda kama ndoto ya Uwesu. Mchanga wa juu ulikuwa mkavu, na baketi langu lilikuwa linaukwangua kama mwiko unavyokwangua ukoko, polepole, bila kuumiza chini. Mahali fulani sakafu ya zamani ikajitokeza, nyeusi, imekaza, na bado ina alama za kwato. Mzee Khalidi alishuka akaigusa akasema hizi ni za ng'ombe wa baba yake. Uwesu naye akapiga magoti, akaingiza vidole kwenye alama moja, kisha nyingine, akawa anazifuata kama anasoma.

Halafu mashine ikafika katikati, kwenye kidimbwi, na mambo yakaharibika.

Kule chini mchanga ulikuwa tope. Baketi lilizama likainuka limejaa uji, nusu tope nusu maji, na kwa kuwa kazi ya Mwajabu haivuji, halikudondosha hata tone. Silvano alizungusha mkono akaenda kumwaga ng'ambo ya ukingo. Maji yote yakaenda kupotea kwenye mchanga mkavu, na lile tope zito likang'ang'ania ndani, akalikung'uta na kulikung'uta. Akarudi, ikawa vilevile. Kila akiteka, kidimbwi kinapungua na tope liko palepale. Kina mama walikuwa wamesimama ukingoni na ndoo zao, wanatazama maji ya kunywa mbuzi wao yanachotwa na kutupwa, na baketi lisilovuja ndilo linaloyatupa. Mmoja wao, Naima, binamu yake Uwesu, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa kama nimekuja kuwasafishia lambo au kuwamalizia maji.

Silvano akazima mashine. Hapohapo simu ya Mzee Khalidi ikalia, na alipomaliza kusikiliza uso ukamshuka. Lori la mabomba limeshapita Dodoma mjini. Kesho asubuhi ekskaveta inatakiwa barabarani.

Kila mtu alielewa maana yake. Katikati ndipo palipo na kina. Tope lile lisipotoka, mvua ikija itatandaza maji kidogo juu ya tope na jua litayalamba kabla ya kiangazi kuanza. Kijiji kinaweza kusubiri mashine nyingine mwaka mwingine. Uwesu hana mwaka mwingine. Nilimtazama pale alipokaa kwenye jiwe, ameelekeza uso kwenye kidimbwi, anasubiri kusikia muungurumo, na mashine imenyamaza.

Silvano alishuka akanisogelea akiwa ametoa kijiti mdomoni, nadhani kwa heshima. Akanieleza kwamba kwao mashambani baketi la matope linatobolewa mgongoni. Maji yanachuruzika yanarudi yalikotoka, tope linabaki, na hewa ikipita kwenye matundu tope nalo linaachia kirahisi. Akasema kambini wana jenereta na mashine ya kuchomelea. Akasema kazi ya muda mfupi tu.

Nilikataa, jamani. Nasema nilivyokuwa. Nilimwambia tangu nishike moto sijawahi kutoboa mgongo wa chombo changu mwenyewe, na sitaanzia ugenini, mbele ya wakwe, kwenye baketi nililolijaza maji machoni pao. Nilisema mengi, mengine hayakumhusu Silvano kabisa. Nilisema kuhusu daktari na kuhusu milima inayoachia mchanga. Nilikuwa nalia na kufoka kwa pamoja, kitu kibaya kukitazama.

Uwesu aliinuka kwenye jiwe akaja kwa kufuata sauti yangu, maana ilikuwa inasikika. Akanishika mkono, ule wenye makovu ya cheche.

"Mimi siku hizi dunia yote naipata kwa tundu," akasema. "Nenda katoboe, Mama Munira."

Nikaenda. Pale kambini nilivaa kinyago cha mtu mwingine kinachonuka sigara, nikapandisha moto wa mashine mpaka mwisho, nikachukua kijiti cha kuchomelea nikakisukuma kwenye mgongo wa baketi, pale nilipokuwa nimepapiga msasa kwa mkono. Tundu la kwanza nililitoboa kwa hasira. Lilitoka baya, limechanika pembeni, chuma kimemwagika kama nta. Sauti yake haikuwa ya maandazi, ilikuwa ya kitambaa kinachoraruliwa. La pili lilikuwa afadhali. Baada ya hapo mkono ukatulia, nikawa natoboa kwa mpangilio, mstari juu ya mstari, na mwanga wa jua ukaanza kupenya na kuanguka ndani ya baketi kama shilingi. Uwesu alikaa nyuma yangu amenigeuzia mgongo asitazame moto, kama daktari alivyoagiza. Hakukohoa hata mara moja.

Jua lilikuwa limeanza kulala Silvano alipoliingiza tena kwenye kidimbwi. Lilizama, likakaa chini kidogo, likainuka. Na likanyesha. Sina neno jingine. Maji yalishuka kutoka kwenye kila tundu, nyuzi nyembamba zinazong'aa, yakarudi kidimbwini kwa mlio uleule wa mvua juu ya maji, katikati ya kiangazi, mbingu kavu kabisa. Mbuzi wakainua vichwa. Kina mama wakashusha ndoo chini. Silvano alipoona tunavyotazama akausimamisha mkono hewani, akauacha unyeshe mpaka uishe, na Uwesu akawa ameshateremka kwenye tope na viatu vyake, ameinua uso, matone yanampiga kwenye kipaji na kwenye kope. Hakuna aliyemwita atoke. Halafu baketi likaenda ukingoni, na tope likaachia lenyewe likaanguka kama ugali unaotoka sufuriani. Walifanya kazi mpaka usiku, kwa taa za mashine, tope likaisha, na kidimbwi hakikupungua.

Kesho yake ekskaveta ikaenda barabarani na meno yake. Baketi langu lilibaki ukingoni, Mzee Khalidi akasema ni la lambo sasa, litasubiri mchanga mwingine. Wakaingiza ng'ombe. Waliwazungusha juu ya udongo wenye unyevu, taratibu, vumbi halipo, kengele tu zinalia. Uwesu alikaa anasikiliza mpaka nikamwambia lori linaondoka.

Mvua zilichelewa mwaka ule. Zilipoanza zikanyesha mfululizo, na Mzee Khalidi akapiga simu kusema twende. Lakini kati ya ng'ombe na simu hiyo jicho la kushoto lilikuwa limezima kabisa, na la kulia bomba lilikuwa limebaki mrija, mrija wa soda. Nilimpangusa koti, nikamshika mkono, tukaenda.

Lambo lilikuwa limejaa. Maji kutoka chini ya miguu yetu mpaka kule kwenye mawe, mapana, yametulia, yamebeba milima yote kichwa chini, na ng'ombe waliosimama ng'ambo ni mbuzi kabisa, hakunidanganya. Nilimsimamisha ukingoni nikamgeuza uso kuelekea katikati. Nikangoja.

Alitazama. Akageuza kichwa kidogo, akakirudisha. Jua lilikuwa linapiga juu ya maji na mng'ao wote ulikuwa unamwingia kwenye kile kijimrija. Alipandisha kidevu, akakishusha, akajikinga kwa kiganja, akapekua kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka. Machozi ya mwanga yakawa yanamtoka.

"Silioni, Mwajabu," akasema. Hajawahi kuniita hivyo tangu Munira azaliwe. "Naona weupe tu."

Nilianza kumweleza. Nikasema kuna milima, kuna mawingu, kuna ng'ombe, na yeye anaitikia kwa adabu tu kama mtu anayesomewa barua ya mwingine. Nilitazama pembeni ili nipumue. Ndipo nikaliona baketi.

Lilikuwa palepale lilipoachwa, limelala kwa ubavu, mdomo umetazama mlima na mgongo umetazama maji. Mvua zote zile, na ndani hapakuwa na hata tone. Baketi langu lolote lingine lingekuwa dimbwi la vyura. Nilimvuta Uwesu mkono bila kumweleza, nikamvua viatu kwa sababu vilikuwa na tope, nikamwinamisha akaingia ndani kwa magoti. Humo kulikuwa na kivuli, kweusi na kumepoa. Nikamwambia apapase mgongoni atafute tundu, aweke jicho.

Nilisikia vidole vyake vikipita juu ya chuma, vikisimama, vikipita tena.

"Hili ulilitoboa kwa hasira," akasema. "Limechanika."

Nikamwambia achague jingine basi. Akasema hapana, hilihili. Kisha akaweka jicho. Nilibaki nimeinama nje, naona nyayo zake tu na ncha ya koti.

"Kuna mbuzi anakunywa," akasema.

Nilichungulia juu ya baketi. Alikuwepo, ng'ambo kabisa, mweupe, ameinamisha shingo. Ni ng'ombe, lakini sikumsahihisha.

"Na chini yake yuko mwingine, kichwa chini," akasema. "Na wingu. Na pale kuna mtu anateka maji, kitenge chekundu." Sauti yake ilikuwa ya mtoto anayekimbia kwenda kumwambia mama yake. Akahamia tundu la pili, akanitajia ukingo. Akahamia la tatu, akanitajia mawe. Alikuwa analikusanya lambo zima, kipande kwa kipande, na kila kipande kinamtosha jichoni.

Naima alikuja na ndoo yake akauliza mwanaume huyu anafanya nini humo ndani. Nikamwambia ampishe, anatazama kwao. Nilikaa pale nje kwenye majani mabichi, viatu vyake mapajani, nikamwacha atazame mpaka aliposhiba.